Mheshimiwa Subject Juu ya Mawe ya Mwethya

(Kinu cha kusaga mahindi kinazimwa kwa heshima. Msemaji anapanda jukwaa la mawe, nyuma yake shuka kubwa jekundu limefungwa kati ya nguzo mbili. Anagonga maikrofoni. Maikrofoni inalia kama mbuzi aliyekanyagwa mkia.)

Mheshimiwa Mimi Mwenyewe, Daktari Mtarajiwa Jonah Kyule, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Kukubaliana kwa Subject na Verb katika Kiingereza, Kanda ya Makueni pamoja na zile sehemu za Kitui ambazo bado hazijaambiwa kwamba ziko chini yangu. Naibu wangu, ambaye ni mimi nikiwa nimechoka. Pasta Munyao, ambaye maombi yake ya kufungua mkutano yametukuta asubuhi na kutuacha mchana. Mwalimu Syokau wa Kiingereza, Gredi ya Tisa, ambaye naona amenikunjia uso lakini ni jua tu. Mzee Abdulkadir, mwenye kinu, na asante kwa kukizima. Mwaitu Ndila, yaani mama yetu, mwenyekiti wa kina mama wa Ngwatanio, kikundi chetu cha mwethya, ile kazi ya kusaidiana. Vijana wa boda boda, wauza maembe wa barabarani, mbuzi waliofika bila mwaliko. Wageni wa heshima waliosema wako njiani na ambao kwa hivyo tunawahesabu kama wamefika. Mabibi na mabwana, hamjambo, mwi aseo?

(“Twi aseo!”)

Sijasikia! Mwi aseo muno?

(“Endelea!”)

Naendelea. Nikisimama hapa juu leo, na nataka mtambue kwamba niko juu, naona mbali sana. Mkono huu naona Salama yote na malori yake, mkono huu naona Malili hadi wenye kuchoma mahindi, na katikati nawaona ninyi, mkiwa wadogo na wenye matumaini. Jukwaa hili halikujengwa ovyo. Nililipanga mwenyewe kwa mawe ya mwethya, jiwe kwa jiwe, yaani niliamuru lipangwe, ili kiongozi akizungumza hata dereva wa trela kule barabarani ajue kuna jambo.

(Makofi ya mtu mmoja. Ni Kasyoki, mwenye pikipiki iliyobeba spika.)

Asante Kasyoki. Sasa, ndugu zangu, tatizo. Kama mnavyojua, na kama hamjui basi mjue, darasa la Gredi ya Tisa liling'olewa paa na upepo, na kuta zikalifuata paa kwa upendo, na tangu hapo watoto wetu wanasomea kwenye baraza ya kinu cha mzee Abdulkadir. Mwalimu Syokau anasimama pale, anavuta pumzi, anasema kwa nguvu zake zote, “She goes to the market!” Kinu kinasema nguuuuu. Mtoto anasikia, “She go to the market.” Ile s ya mwisho, waheshimiwa, imeingia kwenye kinu, imesagwa pamoja na mahindi, na jioni tumeila kwenye ugali! Ndiyo sababu utafiti wangu, nilioufanya nikiwa nimekaa hapo kwa baraza nikingojea unga, unaonyesha kwamba asilimia mia moja na kumi na nne ya watoto wetu wanasema she go, he come, it rain, na mvua yenyewe ikisikia it rain haiji!

(Kicheko kikubwa. Mama mmoja anajifuta machozi kwa leso.)

Mzee Abdulkadir, usiinuke, sijakulaumu. Ndiyo, uliwapa baraza bure. Ndiyo, ungekizima kinu watu wangekula nini. Keti, mzee wangu, keti. Wateja wako na magunia yao watangoja, hotuba ni fupi, inabaki tu mwanzo, katikati na mwisho.

Na mwalimu Syokau naye, mnamsikia akiongea siku hizi? Sauti imekwisha, amebaki kama redio ya betri zilizoanikwa juani. Mtihani wa Gredi ya Tisa ni muhula huu. Muhula huu, nasema! Watoto wataandika she go, msahihishaji huko aliko atachora msalaba, na msalaba huo hautakuwa wa wokovu, Pasta nisamehe.

(“Darasa! Darasa!”)

Ngojeni. Darasa nalijua. Si ninyi, kina mama wa Ngwatanio, mliitana mwethya, mkatoa mawe kule mtoni kwa vichwa vyenu, mkachimba msingi huko nyuma ya hili shuka, kichwani kabisa mwa kilima, mahali ambapo kinu hakisikiki? Nilikuja nikaona. Nikasema kazi safi. Lakini nilipoangalia kwa jicho la kitaalamu nikagundua upungufu mkubwa: lilikuwa darasa tu. Darasa ni la nini? La kusomea. Basi! Hiyo ni vision ya watu wangapi? Nikaona hapana, nikasimamisha shughuli zote kwa muda usiojulikana, pending upgrading, nikawaambia mawe yaletwe hapa chini, na watoto wavumilie kinu kidogo, kwa sababu kitu kinachokuja ni Centre of Excellence ya Subject-Verb Agreement, ya kwanza kati ya Mombasa na Nairobi, na ukitoa Mombasa na Nairobi, ya kwanza kabisa!

(Mbuzi anakohoa.)

Hebu niwafungulie macho, maana mimi shule niliiacha kidato cha pili, si kwa kushindwa, ni kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Subject ni nani? Subject ni mkubwa. Ndiye anatangulia kwa sentensi, kama mimi kwa hii hotuba. Verb ni nani? Verb ni mfanyakazi. Subject akiwa mmoja, yule mmoja wa mbali, he, she, it, verb inabebeshwa s mgongoni kama punda wa maji: he digs, she cooks, it rains. Subject wakiwa wengi, they, verb inatua mzigo: they dig, they cook. Kwa nini? Kwa sababu wakiwa wengi ni mwethya, mzigo umegawanywa, hauonekani. Sasa sikilizeni siri ambayo walimu hawawaambii. I, yaani mimi, sibebi s. You, yaani wewe rafiki yangu unayenisikiliza, hubebi s. I dig, you dig. Mimi na wewe tumesamehewa! Anayebeba ni yule, ambaye hakufika mkutanoni! Waingereza walikuwa wamekaa kwa kamati siku hiyo, ndugu zangu, hakuna njia nyingine.

(Kicheko. Mwalimu Syokau naye anacheka, kisha anakumbuka amekasirika.)

Mwalimu amecheka! Kasyoki umeona? Andika, yaani kumbuka. Kwa hivyo nikafanya nini? Nikafanya benchmarking. Nilipanda gari hadi Kitui mjini, nikaketi katika mkahawa mmoja karibu na ofisi ambayo sitaitaja, nikaagiza chai na mandazi, nikawasikiliza wakubwa wakiongea Kiingereza. Bwana mmoja wa tai akasema, “The files is lost.” Mwenzake akamwambia, “No, the file are there.” Nikafunga macho. Nikaona kwamba tatizo hili si la kinu peke yake, ni la taifa, na kwamba Mungu ametafuta mtu wa kulitatua akanikuta mimi nikinywa chai. Hata mahali nilipewa kwa maono. Kilima chetu tunakiita Kiima kwa Kikamba, na kitabu cha Kiswahili kinaita subject kiima. Mungu mwenyewe amefanya site visit, mimi ni nani nikatae?

Kituo chenyewe kitakuwa na ghorofa tatu. Ya chini ni ya singular, ya katikati ni ya plural, ya juu ni ya vitu visivyohesabika, kama vile maji, hekima, na ofisi yangu. Kutakuwa na wadi ya sentensi zilizovunjika. Kutakuwa na lifti ya kupandisha s kutoka chini hadi mahali zinahitajika. Kutakuwa na—

Ndiyo, mwaitu Ndila. Naona mkono, na naona mkono una karai. Unasemaje, mwaitu?

(“Tumeitwa mwethya. Kazi iko wapi?”)

Swali zuri, nalijibu kwa uwazi na uwajibikaji. Ni kweli leo asubuhi Kasyoki alipita na spika kutoka Malili akiita mwethya, mwethya, haya mwethya Kiima. Nilimtuma mimi. Msinitazame hivyo! Mara ya kwanza niliita stakeholders' forum, wakaja watu wawili, na mmoja alikuwa amepotea njia. Nikafanya utafiti mwingine, nikagundua kwamba Mkamba haji kwa forum, lakini akisikia mwethya anatoka na jembe hata kama sufuria iko motoni. Na mmetoka! Naona majembe, naona makarai, naona toroli tatu, nne, naona hata kamba ya fundi, ishara tosha kwamba mnaniunga mkono kwa vifaa vyenu vyote.

(“Mwethya ukiitwa haurudi nyumbani na mikono mikavu, mwanangu.”)

Hiyo ni culture, mwaitu, na mimi culture ndiyo naheshimu kuliko kitu chochote. Kwa hivyo kazi yenu leo ni kushangilia. Imbeni kidogo, mchangamshe mkutano, nami naendelea.

(Kina mama wanashauriana kwa kichwa tu. Wimbo wa kazi unaanza, pole pole, upande wa nyuma wa jukwaa. Ni ule wimbo wa kupokezana mzigo.)

Safi kabisa! Mnaona public participation? Nyimbo zetu hizi zina mdundo mzuri, mtu anaimba anainama, anaimba anainuka, anaimba anapita nyuma ya shuka. Pitieni tu huko nyuma, huko ndiko kuna nafasi ya kucheza. Kama nilivyokuwa nasema, lifti. Lifti itaendeshwa na jua, kwa sababu jua tunalo, jua hatujawahi kulikosa, jua ndilo zao letu la biashara. Na juu ya paa kutakuwa na uwanja wa helikopta, ili mtaalamu wa verb akiitwa usiku afike upesi.

Lakini jameni, hili jukwaa... Kasyoki, umesogeza Salama? Nilipoanza nilikuwa naona Salama na malori yake. Sasa naona Malili peke yake, na Malili yenyewe nusu.

(Watoto wa Gredi ya Tisa wanaziba midomo.)

Pengine ni mawingu. Tunaendelea. Nikisema subject, mseme verb. Subject!

(“Mawe!” anasema mtu. Wimbo unaongezeka.)

Nani huyo? Nimesema verb. Hebu tuwe serious. Wapinzani wangu wamekuwa wakieneza uvumi huko sokoni kwamba mimi ni subject bila verb, ati nasimama mwanzo wa sentensi halafu hakuna kitu kinatendeka. Nataka niwajibu hadharani. Tangu nichukue ofisi hii, ambayo nilijiteua baada ya mashauriano marefu na mimi mwenyewe, nimetendeka sana. Nimezindua. Nimetambulisha. Nimesisitiza. Nimeagiza. Nimehimiza wahusika wahimize wahusika wengine. Hizo si verb? Mwalimu, hizo si verb? Amenyamaza. Mwalimu akinyamaza ni jibu sahihi.

(Toroli inapita ikilia kwi, kwi, kwi.)

Hiyo toroli itiwe mafuta. Mzee Abdulkadir, nimekuona, wateja wamechoka, nipe dakika tano za Kikamba. Watu wangu, nataka—ala! Nani amesukuma? Mbona naona mgongo wa kinu? Hapo mwanzo nilikuwa naona paa la kinu, tena kwa juu, nilikuwa nimeona hadi kiatu ambacho mtu alikitupa huko. Sasa nauona ukuta. Mwaitu Ndila! Mwaitu! Wacheni kwanza. Wacheni hayo mawe!

(“Ulituita.”)

Niliwaita mshangilie!

(“Tunashangilia.”)

Hamshangilii, mnabeba! Mnanibeba mimi mwenyewe kidogo kidogo! Huu ni uharibifu wa miundombinu, na miundombinu ni... Pasta, sema kitu. Pasta Munyao? Pasta yuko wapi?

(Pasta anaonekana akivuka na jiwe begani, suruali ameikunja hadi magotini.)

Pasta!

(“Nami nilisikia mwethya,” anasema Pasta, akipita.)

Sawa. Sawa kabisa. Kiongozi mzuri hubadilika na hali halisi. Sasa hivi nimesimama juu ya jiwe moja, na nataka niwaambie kwamba nilipanga hivyo tangu mwanzo, kwa sababu kiongozi wa kisasa huwa karibu na wananchi, na sijawahi kuwa karibu hivi. Mwalimu Syokau, sasa naona macho yako yakiwa sawa na yangu, na kumbe si jua, umenikunjia uso kweli.

Wakati wa kufunua umefika! Kasyoki, shika kona hiyo ya shuka. Mabibi na mabwana, kwa mamlaka niliyojipa, nafunua rasmi mbele ya macho yenu ile Centre of Excellence, ghorofa tatu, lifti, uwanja wa—

(Shuka linaanguka. Nyuma yake kuna nyasi, halafu kilima, na kichwani mwa kilima kina mama wa Ngwatanio wamevuta kamba ya fundi, mawe yamepangwa msingini upande mmoja mzima, na watoto wa Gredi ya Tisa wanakanyaga udongo wa kuunganishia wakicheka. Makofi yanapasuka, marefu, lakini hayaelekei kwake.)

Kama mnavyoona... utekelezaji umeanza. Nilisema, au sikusema? Mtu anauliza ghorofa ziko wapi. Ghorofa ziko kwenye phase two. Na phase one? Phase one ni ile mnayoona hapo, ambayo... ambayo ni darasa tu.

Basi niwashukuru waliofanikisha mradi huu. Namshukuru mchoraji wa ramani ya Centre, ambaye nikimpata nitamweleza nilichokuwa nafikiria. Namshukuru mkandarasi, popote alipo, na tunaomba Mungu amlete, kwa maana mimi sijui kama yuko. Nawashukuru kwa dhati wafadhili wetu, ambao niliwapigia simu wakanijibu kwa Kiingereza safi kabisa, “We do not know you,” subject wengi, verb imetua mzigo, kukubaliana kwa hali ya juu ambako sijawahi kusikia tena. Naishukuru kamati, ambayo haikuwahi kuketi kwa sababu haikuwahi kuwa. Na mwisho nawashukuru wale waliochukua jiwe la msingi la Centre, ingawa hakukuwa na jiwe la msingi, kulikuwa na haya yenu peke yake. Tupige kelele pamoja! Agreement kwa kila nyumba! Subject mbele! Verb—

Ndiyo, mwaitu Ndila. Umerudi. Nini tena?

(“Shuka hapo. Hilo jiwe ni la kona.”)

Hili? Hili nimelisimamia, mwaitu. Ni la mwisho. Nikishuka nitakuwa mtu wa kawaida.

(“Kwetu Ngwatanio, anayeita mwethya ndiye hubeba jiwe la kwanza. Wewe hukubeba la kwanza. Utabeba la mwisho.”)

Mwaitu, mimi nimeeleza hapa kwa kirefu, I habebi, you habebi, wa kubeba ni yule ambaye hakufika—

(“Jonah. Mama yako alibeba kumi. Inama.”)

(Anainama. Wakati huo huo mzee Abdulkadir, dakika tano zake zikiwa zimekwisha, anawasha kinu. Nguuuuu.)

Ndugu zangu, kwa hayo machache... kwa hayo... Subject! Nasema SUBJECT! Kasyoki, ongeza sauti! Hamnisikii? Mimi ndiye Mratibu! Mtihani ni muhula huu, mna... mnanisikia? Mzee Abdulkadir, kinu! KINU!

(Midomo inaonekana ikienda. Hakuna anayesikia. Watu wote wanapanda kilima. Anaangalia maikrofoni, anamrudishia Kasyoki, analiinua jiwe hadi tumboni, kisha begani, na kuwafuata. Nusu ya njia mlio wa kinu unapungua. Kichwani mwa kilima hausikiki kabisa; kuna upepo tu, na mwalimu Syokau anayesema na watoto kwa sauti yake ya kawaida, ya chini, nao wote wanamsikia.)

Aaah... Kumbe hapa... ngojeni nipumue... kumbe hapa mtu anasikika bila spika. Muvea, asanteni. Muvea muno, kina mama. Muvea, Pasta, na nimekuona. Itifaki zingine tutazimalizia tukishakula. Mwalimu Syokau, tafadhali, mgongo unaisha... hili jiwe niliweke wapi?

(“Kona ile, Mheshimiwa. Na usisimame juu yake.”)